Kalemie: Kelele za jirani hupita juu ya ukuta

KALEMIE, Tanganyika – Mji huu haulali wote kwa saa moja. Jua likizama, wavuvi wa ndagala hupakia taa na nyavu na kuingia ziwani. Hurudi alfajiri, wanunuzi wakiwa tayari wanawangoja ufukweni, na saa yao ya kulala huanza wakati watoto wa jirani wanaamka. Wauguzi wa zamu ya usiku na walinzi nao hulala mchana. Mwanafunzi na mama wa sokoni wanautaka usiku, lakini usiku ni saa ya bafle za baa, ya mikesha ya maombi na ya jenereta zinazowashwa SNEL inapokata umeme.

Lawama ya kwanza huenda kwa jirani. Anapiga redio sana, anakohoa, anagombana na mke wake, mtoto wake analia. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za kupangisha sehemu ya kosa iko kwenye ujenzi wenyewe. Mwenye parsele hujenga jengo moja refu, hulikata vyumba vitatu, vinne au sita, kisha hufunika vyote kwa paa moja la mabati, yaani manjanja. Kuta za kugawa vyumba hupandishwa hadi usawa wa mbao za chini za paa na kuishia hapo. Juu yake hubaki nafasi tupu inayotoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Mpangaji ana mlango wake na kufuli yake, lakini hewa ya juu ni ya wote.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kwa sababu watu wamesongamana. Vita kati ya Watwa na Waluba, vilivyopamba moto mwaka 2016 na 2017, vilihamisha mamia ya maelfu ya watu jimboni, na wengi walikimbilia Kalemie. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za wakaaji wa kando ya ziwa. Mwaka 2025 watu waliokimbia vita vya Kivu Kusini walifika kwa mashua. Chumba kilichokuwa cha watu wawili leo kinaweza kuwa na jamaa nzima, na chumba cha pili vilevile.

Kukosa usingizi si kudeka. Shirika la Afya Duniani, OMS, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza kelele ya kuendelea ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na kelele ya ghafla isizidi desibeli 45. Maongezi ya kawaida ya watu wawili walio karibu yana kama desibeli 60. Maana yake, jirani hahitaji kupiga kelele ili akuamshe. Akiongea kawaida, na sauti ikipita bila kuzuiwa, inatosha. Miili inayokatizwa usingizi kila usiku huzidiwa na uchovu, presha ya damu hupanda, na ajali za kazini huongezeka. Kwa mvuvi anayekesha juu ya maji, uchovu unaweza kumgharimu uhai.

Wengi wakitaka utulivu hufikiria kununua dari nzito, ile mafundi wanayoiita plafo. Kabla ya kutoa franka, inafaa kuelewa sauti inavyosafiri.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ikigonga ukuta, ukuta hutikisika kidogo na kuipitisha upande wa pili ikiwa imepungua. Ukuta ukiwa mzito, hutikisika kidogo zaidi. Kanuni ya wahandisi ni kwamba uzito wa ukuta ukiongezwa mara mbili, sauti inayopita hupungua kwa kama desibeli 6. Ukuta wa matofali uliopakwa vizuri pande zote mbili unaweza kuzuia zaidi ya desibeli 40. Hiyo ni kinga nzuri.

Lakini uwazi huharibu hesabu yote. Ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hauwezi kuzuia zaidi ya kama desibeli 20, hata ungejengwa kwa mawe. Chukua ukuta wa kugawa vyumba wenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu. Asilimia 1 yake ni ufa wa sentimita 2 na nusu tu, uliokatwa juu kutoka pembe moja hadi nyingine. Katika nyumba za Kalemie ufa si wa sentimita mbili. Ni pembetatu nzima kutoka juu ya ukuta hadi kwenye kilele cha paa. Katika hali hiyo, kuongeza unene wa ukuta ni sawa na kuweka kufuli mbili kwenye mlango na kuacha dirisha wazi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuifunga pembetatu ile, na hapo historia ya mji inatoa onyo. Tarehe 5 Desemba 2005, mchana, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 6,8 lilitikisa eneo hili. Kitovu chake kilikuwa chini ya ziwa. Mjini Kalemie nyumba zilianguka na watu wakafariki. Bonde la Ziwa Tanganyika ni sehemu ya Bonde la Ufa la Afrika, na ardhi yake ingali inasogea. Katika tetemeko, matofali yaliyopandishwa juu ya ukuta mwembamba bila kufungwa na kitu ni kati ya vitu vya kwanza kuanguka, na huanguka juu ya watu waliolala.

Hivyo, kuongeza matofali ya udongo hadi kwenye paa si jibu zuri, ingawa ni ya bei nafuu. Njia iliyo salama zaidi ni fremu ya mbao iliyopigiliwa kwenye mbao za paa, kisha kuvikwa tripleksi pande zote mbili, upande wa chumba hiki na upande wa chumba cha pili. Katikati ya tripleksi mbili hujazwa kitu laini: mablanketi ya zamani, nguo kuukuu, magunia. Kuta mbili nyepesi zenye nafasi na kitu laini katikati huzuia sauti kuliko ubao mmoja wenye uzito uleule. Mwisho, fundi huziba kila ufa unaobaki, hasa pale tripleksi inapokutana na mawimbi ya bati. Kazi hiyo ya mwisho huonekana ndogo, lakini ikiachwa, yote yaliyotangulia hupoteza nguvu.

Dari inafuata baada ya hapo. Ina faida yake, hasa wakati wa mvua, matone yanapogeuza manjanja kuwa ngoma. Ukuta wa kugawa vyumba hausaidii kwa mvua, kwa sababu kelele inatoka kwenye bati lenyewe lililo juu ya kichwa. Dari iliyofungwa vizuri, yenye nafasi ya hewa kati yake na bati, ndiyo inayoipunguza. Tena, kila jirani akiwa na dari yake, sauti inayotoka chumba kimoja hulazimika kuvuka dari mbili kabla ya kufika kitanda cha pili.

Swali la uzito hurudi hapa. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, dari ya tripleksi ya milimita 6 ina kama kilo 40. Mbao za jasi za unene wa kawaida, zile nyeupe zinazouzwa kwa ujenzi wa kisasa, zinapita kilo 100. Huzuia sauti zaidi, lakini zinataka mbao imara na skurubu za kutosha. Misumari michache haitoshi. Kumwaga udongo au simenti juu ya dari, hata sentimita 2 tu, ni kupachika zaidi ya kilo 400 juu ya watoto. Katika mji uliopitia mwaka 2005, hakuna usingizi wenye thamani hiyo.

Kuna pia mambo ya kuepuka. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani na juu hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini ni nyepesi mno kuzuia sauti ya jirani, na zinashika moto haraka. Nguo na magunia yasiguse kamwe nyaya za umeme. Umeme ukirudi kwa nguvu baada ya kukatika, waya uliounganishwa vibaya unaweza kuwasha moto juu ya dari bila mtu kuuona. Katika majengo ya zamani, bamba za kijivu za simenti na nyuzi zinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Bamba za namna hiyo zisikatwe, zisitobolewe wala zisivunjwe. Ni afadhali kuziacha zilivyo.

Hatari kubwa kuliko zote ni hewa. Chumba kilichozibwa juu hakipumui kama zamani. Mbabula yenye makala iliyoingizwa ndani wakati wa mvua, au jenereta iliyowekwa karibu na dirisha, hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Wenye kufunga dari wanapaswa kukubaliana kwanza kwamba mbabula inabaki nje, na kwamba dirisha lenye chandarua linabaki wazi upande usio na kelele. Nafasi iliyo juu ya dari nayo iachiwe matundu upande wa nje wa nyumba, yaliyofunikwa kwa wavu, ili joto la bati litoke. Kinachofungwa ni njia kati ya chumba na chumba. Njia ya hewa kutoka nje inabaki.

Faida nyingine haionekani masikioni. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia nafasi kati ya ukuta na paa. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa dari za wavu ziliingiwa na mbu wachache zaidi, na watoto wake hawakupungukiwa sana na damu kama wale wa nyumba zisizo na kitu. Dari ya tripleksi isiyo na nyufa nayo hufunga njia hiyohiyo.

Katika majengo machache ya ghorofa, hadithi ni tofauti. Hatua za miguu na viti vinavyoburutwa hupita ndani ya sakafu yenyewe, na dari ya chini husaidia kidogo tu. Dawa yake iko juu: mkeka mnene au zulia sakafuni, na vipande vya mpira wa ndara kuukuu chini ya miguu ya meza na viti. Anayeteseka anaishi chini, lakini dawa iko mikononi mwa anayeishi juu.

Hilo linafunua ugumu wa kazi yote. Mpangaji hana haki ya kupigilia fremu kwenye paa la mtu, na hapendi kuweka pesa katika nyumba anayoweza kuiacha mwaka ujao. Mwenye nyumba naye huona kodi inaingia hata bila dari. Lakini fremu moja juu ya ukuta hunufaisha vyumba viwili, na gharama yake inaweza kugawanywa mara tatu: wapangaji wawili na mwenye parsele, huku sehemu ya wapangaji ikikatwa kwenye kodi ya miezi inayofuata. Mapatano ya namna hiyo yaandikwe, yasainiwe mbele ya shefu wa avenyu, na kila upande ubaki na nakala.

Wasio na uwezo huo wana pa kuanzia leo. Kusogeza kitanda mbali na ukuta wa jirani, kuziba ufa chini ya mlango kwa kitambaa, na kuvuta bafle kutoka ukutani na kuiweka juu ya godoro kuukuu, havigharimu kitu. Na katika parsele yenye mvuvi, muuguzi au mlinzi, kinachohitajika ni majirani kujuana: nani analala saa ngapi, na nani anaamka saa ngapi.