Alama 50 za haki: leseni za bangi kule Illinois

Ndugu wahitimu, wengi wetu tumesha kutengeneza dosye za kuomba soko ao kazi. Ndiyo maana hii habari ya jimbo la Illinois, Marekani, inatugusa hata kama bangi yenyewe haituhusu.

Mwaka 2019 jimbo lile liliruhusu watu wazima kununua bangi dukani. Lakini kulikuwa deni. Ripoti ya ACLU ya 2020 inaonyesha kwamba, Marekani nzima, Mweusi alikuwa anakamatwa juu ya bangi mara 3.6 kuliko Mzungu, ingawa wanaivuta karibu sawasawa. Sasa bangi inageuka mali, nani atakula faida? Sheria ikajibu: mwombaji apewe alama 50 kati ya 250 kama 51% ya kampuni ni ya watu walioishi miaka 5 kati ya 10 ya mwisho katika mitaa iliyoumizwa, ao waliokamatwa juu ya bangi, wao ao watu wa familia yao.

Kwenye karatasi ni vizuri kabisa. Ila kulikuwa mlango wa nyuma: tajiri mwenye wafanyakazi wasiopungua 10 aliweza kupata alama zilezile kwa kuajiri tu watu wa mitaa ile. Na zile alama 200 zingine? Mpango wa ulinzi, mpango wa biashara, vitu vya kulipia wataalamu wa kuandika (munawajua!). Septemba 2020, kati ya waombaji zaidi ya 900, ni 21 tu walipata alama zote na kukubaliwa kuingia tombola ya leseni 75. Kelele zikapanda, kesi zikafunguliwa, wabunge wakaongeza tombola zingine mu 2021.

Wakati ule wote, makampuni yaliyokuwa yanauza bangi ya matibabu yalikuwa yanauzia kila mtu mzima tangu tarehe 1 Januari 2020. Maduka ya kwanza ya wale waliolengwa yalifunguliwa mwisho wa 2022. Benki nazo ziliogopa kukopesha, kwa sababu serikali kuu ilikuwa ingali inakataza bangi.

Kwangu mimi, ubaya haukuwa katika zile alama 50. Ni kwamba wenye feza waliachwa watangulie sokoni.

New York iligeuza mpango: leseni za kwanza za maduka zikaenda kwa waliohukumiwa juu ya bangi na mashirika yanayowasaidia. Agosti 2023 hakimu akazisimamisha. Walioshitaki ni askari wa zamani wenye ulemavu, nao wakiwa wametajwa mu sheria ileile ya usawa.