WIMBO MMOJA JUU YA THELUJI

Mwanafunzi wa chuo kikuu anaposhinda katika michezo ya kimataifa ya majira ya baridi, bendera ya nchi yake hupandishwa, lakini wimbo wa taifa lake hauimbwi. Hupigwa Gaudeamus Igitur, wimbo wa Kilatini wa wanafunzi wa Ulaya ya zamani. Wa nchi kubwa na wa nchi ndogo husimama kwa heshima ile ile. Desturi hiyo ilianza Turin, Italia, mwaka 1959. Wako watakaoiona kuwa jambo dogo. Sisi twaiona kuwa ndiyo roho ya michezo yenyewe, nayo haikupatikana bure.

Wanafunzi walikutana kwanza kwa michezo ya baridi huko Cortina d'Ampezzo, Italia, mwaka 1928. Vita Kuu ya Pili ilivunja mikutano hiyo. Na amani iliporudi, dunia ilikuwa imegawanyika pande mbili, nao wanafunzi wakagawanyika pamoja nayo. Umoja wa wanafunzi ulioundwa Prague mwaka 1946 ulielemea Mashariki. Nchi za Magharibi zikaunda shirikisho lao, FISU, mwaka 1949 huko Luxembourg. Kila upande ukawa na michezo yake na washindi wake. Vijana wa umri mmoja, wenye kusoma hesabu zile zile, hawakuweza kushindana.

Mwaka 1957 walikutana Paris, na mwaka 1959 pande zote mbili zikaja Turin chini ya jina jipya, Universiade. Mwaka 1960 ikafanyika Universiade ya kwanza ya baridi huko Chamonix, Ufaransa. Mwaka 1964 michezo hiyo ikapokelewa Chekoslovakia, katika mji wa Špindlerův Mlýn. Wakubwa wa dunia walikuwa wangali wakitishana kwa mabomu, na vijana wakashindana kwa kuteleza juu ya theluji.

Lakini umoja una adui mwingine, naye ni gharama. Mpira wataka uwanja na magoli. Michezo ya baridi yataka milima, majumba ya barafu, na mitambo ya kutengeneza theluji mbingu zinapokataa kuitoa. Mji wa Maribor, Slovenia, ulikuwa umepewa michezo ya mwaka 2013. Fedha zikakosekana, na mwaka 2012 ukapokonywa. Hapo jimbo la Trentino, Italia, likajitwisha mzigo huo, na Desemba 2013 wanafunzi wakapata mahali pa kushindania. Tena mwaka 2015, Granada ya Hispania ilipokuwa mwenyeji, mbio ndefu za theluji zilifanyika Slovakia. Wahenga walisema kweli: kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 2021 hapakuwa na wa kuupokea mzigo. Michezo ya Lucerne, Uswisi, iliyokwisha kuahirishwa mara moja kwa sababu ya Korona, ilikuwa ianze tarehe 11 Desemba. Aina mpya ya ugonjwa ikatokea, serikali ikakaza masharti ya kuingia nchini, na tarehe 29 Novemba michezo ikafutwa. Tufikiri hasara hiyo. Anayeruhusiwa kushindana ni mwanafunzi, au aliyehitimu mwaka uliotangulia tu. Aliyekuwa amekwisha kuhitimu hakuweza kungoja Lake Placid, Marekani, mwaka 2023. Miaka yake ya mazoezi alfajiri na masomo usiku ilikwenda na maji.

Januari 2025 michezo ilirudi Turin, pale pale wimbo ulipoanzia. Hata hivyo, mpaka mwaka huo michezo ya baridi ilikuwa imefanyika Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini tu. Hatumlaumu Mungu kwa kutogawa theluji sawasawa. Twasema tu kwamba wimbo wa wote usiimbwe na wachache. Wenye milima na mitambo na wawaalike vijana wa nchi zisizo na baridi, wawafundishe, na kuwapa vyombo vya kuanzia.

Ndugu wafanyakazi, umoja wa wanafunzi hao haukuletwa na theluji. Uliletwa na watu waliokubali kuketi meza moja, na ukaokolewa na watu waliokubali kubeba mzigo wa wenzao. Hata katika vyama vyetu na kazi zetu, umoja haudumu kwa njia nyingine.