DAFTARI LA MIMEA YA ASILI NA NAMNA YA KULITENGENEZA

Si kila mti uliozoeleka Unguja na Pemba ni wa asili ya visiwa hivi. Mkarafuu ulitoka Visiwa vya Maluku, na mwarobaini ulitoka Bara Hindi. Mpapindi, mti wa jamii ya minazi, asili yake ni Pemba peke yake, nao humea katika Msitu wa Ngezi.

Elimu ya mimea hiyo ni amana iliyomo vifuani mwa wazee, na mzee akifariki bila ya kuandikiwa, huondoka nayo. Aidha, mmea mmoja huweza kuwa na majina mawili, na jina moja likabeba mimea miwili. Anayekosea jina huweza kuchuma sumu akidhani ni dawa. Ndiyo faida ya daftari.

Atakaye kulitengeneza na achague kitawi chenye majani pamoja na ua au tunda, kwani majani pekee hudanganya. Kitawi kilazwe baina ya magazeti, kigandamizwe kwa ubao na mawe, na magazeti yabadilishwe kila siku hadi kikauke, ili kisiote kuvu. Kisha kishonwe kwa uzi juu ya karatasi ngumu. Karatasi zikitimia, zifungwe pamoja kwa jalada la boksi.

Pembeni yaandikwe majina yote yatumikayo, mahali, tarehe, kimo cha mmea, rangi ya ua (kwani hupotea likikauka), matumizi, na jina la aliyeeleza, kwa ridhaa yake. Umbo la mizizi nalo liandikwe. Kwa mfano, mkoko husimama juu ya mizizi mithili ya magongo, ilhali mizizi ya mchu huchomoza topeni kama vidole. Kitawi kilichokaushwa hakionyeshi tofauti hiyo.

Wananchi wanakumbushwa kwamba misitu ya hifadhi, ikiwemo Jozani na Ngezi, inalindwa kisheria. Asichume mtu humo bila ya kibali cha mamlaka ya misitu. Na popote pale, mmea ulio peke yake usikatwe wala kung'olewa, bali uchorwe na kuachwa.

Walimu wa skuli na watumishi walioko mashamba wanahimizwa kuanza na mimea ya shehia zao, maadamu wazee wa kuulizwa wapo. Izingatiwe kuwa ukurasa usio na mahali wala tarehe ni jani kavu tu.