Harold Larwood Ahamia kwa Wapinzani Wake

Leo tutasikia habari za Mwingereza mmoja, Harold Larwood, mrushaji mpira wa kasi katika mchezo wa kriketi.

Kwa wasioujua mchezo huu, mrushaji huja mbio na kuurusha mpira mgumu wa ngozi, nao hudunda chini kabla ya kumfikia mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji vimesimama vijiti vitatu. Mpira ukiviangusha, au akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, basi ametoka. Wapigaji hupata mikimbio kwa kukimbia na kubadilishana nafasi.

Larwood alizaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha Nuncargate, jimbo la Nottinghamshire. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, na yeye mwenyewe alipokuwa na miaka 14 alifanya kazi shimoni na farasi wadogo wavutao makaa. Hakuwa mrefu, lakini alikuwa na nguvu nyingi. Mwaka 1926 aliichezea Uingereza mara ya kwanza.

Mwaka 1930 Don Bradman wa Australia aliwatesa Waingereza kwa mikimbio 974 katika michezo mitano. Basi timu ya Uingereza ilipokwenda Australia mwaka 1932, nahodha Douglas Jardine alimwagiza Larwood aulekeze mpira mwilini mwa mpigaji, huku wadakaji wengi wamesimama karibu, upande wa miguu yake. Mpigaji achague mwenyewe: kuumia au kudakwa. Mjini Adelaide, Januari 1933, nahodha wa Australia, Woodfull, alipigwa kifuani. Oldfield alivunjika fuvu la kichwa, ingawa mpira ule haukurushwa kwa mpango huo. Uingereza ilishinda michezo minne kati ya mitano. Larwood peke yake aliwatoa wapigaji 33, na jina lake likachukiwa Australia nzima.

Aliporudi kwao, wakuu wa kriketi walimtaka aombe radhi. Akakataa. Alitii amri ya nahodha. Aombe radhi kwa lipi? Jardine, bwana wa tabaka la juu asiyecheza kwa mshahara, aliongoza tena timu kwenda India mwaka 1933. Larwood, mtoto wa mchimbaji, hakuitwa tena kuichezea nchi yake. Mimi naona huo haukuwa uamuzi wa haki.

Baada ya vita alifungua duka la peremende mjini Blackpool. Aliyemshawishi kuhama ni Jack Fingleton, Mwaustralia aliyewahi kusimama na gongo mbele yake, ambaye sasa alikuwa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1950 Larwood, mkewe na binti zao watano walipanda meli Orontes, ile ile iliyompeleka mwaka 1932. Ben Chifley, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia hadi 1949, alisaidia kimya kimya kulipa gharama za hoteli yao. Larwood akapata kazi katika kampuni ya vinywaji baridi, na wapinzani wake wa zamani wakawa rafiki zake.

Serikali ya Uingereza ilimpa nishani mwaka 1993. Alifariki Sydney Julai 1995, mwenye umri wa miaka 90.