Damu haichongi mpingo

Swali limenifikia tena, safari hii kwa sura mbili. Mzazi wa Newala anauliza: sisi ni Wamakonde halisi, mbona mwanangu hajui kuchonga, au nyota yake imefungwa? Mzazi wa Masasi anauliza: sisi ni Wamakua, sasa huyu binti anayeshinda akichora si anapoteza muda tu, maana mambo hayo ni ya Wamakonde? Swali ni moja. Wote wawili wanaamini kwamba sanaa imo kwenye damu. Nimelijibu kwa upole miaka mingi na leo upole umekwisha, kwa sababu imani hii inawala watoto miaka yao na wazazi fedha zao.

Tuanze na vinyago vyenyewe. Wazee wa uwanda wa Makonde walichonga barakoa za mti mwepesi kwa ajili ya ngoma za jando na unyago, na walichonga vyombo vya nyumbani. Hiyo ilikuwa kazi ya mafundi wachache waliojulikana, wala haikuwa ya kila mwenye chale usoni. Vinyago vya mpingo vinavyouzwa duniani kwa jina la Makonde vina historia nyingine. Vilikua kama ajira Dar es Salaam, hasa miaka ya 1950, mikononi mwa watu ambao wengi wao walitoka ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Mueda, Msumbiji. Walivuka kutafuta vibarua, wengi kwenye mashamba ya mkonge. Mjini wakakuta mnunuzi. Mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi zao, na Samaki Likankoa alipoleta sanamu za ajabu, za viumbe wasiofanana na mtu wala mnyama, Peera alizichukua na kutaka nyingine. Ndivyo mtindo wa shetani ulivyopata soko. Roberto Yakobo Sangwani naye ndiye anayetajwa kwa ule mnara wa watu waliobebana, tunaouita ujamaa.

Kama damu ndiyo inayochonga, kwa nini gogo hilohilo la mpingo halikuwa ajira Newala kabla ya kuwa ajira Dar es Salaam? Damu ilikuwepo Newala muda wote. Mnunuzi hakuwepo.

Nenda Kenya. Wakamba leo ni miongoni mwa wachongaji wakubwa wa vinyago vya biashara Afrika Mashariki, na wao wenyewe husimulia kwamba kazi hiyo ililetwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliyejifunza kuchonga akiwa Tanganyika. Alirudi kwao, akawafundisha ndugu, ndugu wakafundisha majirani. Damu ya Wamunyu haikubadilika vitani. Kijiji kilipata mwalimu mmoja na wateja, basi.

Hata George Lilanga, Mmakonde wetu wa kusini aliyezaliwa mwaka 1934 na picha zake zikafika Marekani, Ulaya na Japani, hakuokotwa na kipaji njiani. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa tayari mchongaji katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Lilanga aliingia pale kama mlinzi. Kuanzia hapo alikuwa karibu na wasanii, rangi, na watu waliojua kuuza.

Ndivyo watu wanavyoingia kwenye sanaa: wameiona ikifanywa na mtu wa karibu, na wameona mtu huyo akilipwa. Kubaki humo kuna sababu nyingine, nayo naiheshimu sana. Mchongaji anaanza na gogo na kumaliza na sura, kazi nzima ikiwa yake. Ajira chache zinampa mtu hilo.

Kaa kwenye banda la wachongaji Mwenge, Dar es Salaam, uone. Pembeni kuna kijana mwenye kipande cha msasa. Anasugua vinyago vya fundi wake mpaka vidole vinakakamaa, na katika kusugua huko mkono unajifunza bega linavyoshuka na mgongo unavyopinda. Baadaye atapewa tupa, kisha patasi. Tezo itasubiri, kwa sababu ndiyo inayoondoa mti mweupe wa nje kufikia kiini cheusi, na pigo moja la pupa linaharibu gogo ambalo msitu ulilikuza miongo mingi.

Sasa niambieni mganga wa nyota anasafisha nini hapo. Kila mnada wa korosho ukilipa, kuna wazazi wanaopeleka fedha kwa watu wa kusafisha nyota ili mtoto awe msanii kama mwanamuziki Harmonize. Harmonize ametoka mkoa huuhuu wa Mtwara, lakini alipotoka na wimbo wa Aiyola mwaka 2015 alikuwa Dar es Salaam, chini ya lebo yenye studio, video na watangazaji. Maji ya majani ya mganga hayana studio. Hayanoi patasi. Anayekutoza kwa ajili hiyo anakuibia, na mtoto akishindwa atakwambia nyota imefungwa tena, ulipe tena.

Basi fanyeni hivi. Mtoto anayechonga apelekwe kwa fundi anayeuza, akae mwaka mzima kabla hamjamhukumu. Fedha ya mganga inunue patasi. Anayecheza ngoma ajiunge na kikundi, na tamasha la MaKuYa la Mtwara limewekwa kwa ajili ya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa hiyo mzazi wa Masasi aache kisingizio. Aliyemaliza sekondari aulizie nafasi katika chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo. Binti anayechora aanze na kazi zinazolipwa hapahapa: mabango ya maduka, kadi, michoro ya nguo. Awe na shamba pembeni kwa miaka ya mwanzo, asiliuze. Mkataba wowote asomewe na mtu asiye na maslahi kabla ya kutia saini. Na mpingo ununuliwe kwa mwenye kibali cha misitu, maana gogo lisilo na karatasi linakamatwa njiani.