Ujumbe Usiotoka Nje ya Chumba

Saiba ya Nyeri, Karatina au Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta kadhaa, nyaya zilizotambaa ukutani, na mhudumu mlangoni akiangalia saa. Kompyuta hizo zilikuwa na njia mbili za kuwasiliana, na gharama ilikuwa ya moja tu.

Njia ya gharama ilikwenda nje. Kabla ya Juni 2009, Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, alipoupokea mkongo wa baharini wa TEAMS huko Mombasa, data za Kenya zilikwenda ng'ambo kwa setilaiti, umbali wa kilomita 36,000 hivi angani. Swali na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde, foleni bado haijahesabiwa.

Njia ya pili ilibaki ndani: ujumbe wa mhudumu kwa kompyuta namba 7 haukufika hata darini. Kila mashine ilikuwa na anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168. Anwani hizo hazitambuliki nje, ndiyo maana Nyeri na Nanyuki zinaweza kutumia ileile bila kugongana. Mashine inayotuma huuliza wote: nani mwenye 192.168.0.7? Mwenyewe hujibu kwa namba ya kadi yake ya mtandao, na swichi, kifaa kinachounganisha nyaya zote, hupeleka ujumbe kwenye tundu lake peke yake. Habu, iliyotangulia swichi, ilimwagia kila mashine kila kitu. Mteja mjanja angeweza kusoma ya jirani.

Katika Windows 2000 na XP, amri ya kutuma ujumbe kama huo ilikuwa net send. Mhudumu aliyeijua aliandika "net send pc7 Dakika 5 zimebaki", na kisanduku cha kijivu kikaibuka juu ya barua pepe ya mteja, na kitufe cha OK. Alama ya nyota badala ya pc7 iliwafikia wote.

Watuma matangazo waliigundua huduma hiyo wakaitumia kupitia intaneti, hivyo Microsoft ikaizima katika sasisho la XP la Agosti 2004. Vista ikaiondoa kabisa, ikabaki amri ya msg.

Leo mteja wa saiba anayetaka kuchapisha fomu humtumia mhudumu kwa WhatsApp. Faili hupitia seva zilizo mbali na Nyeri, kisha hurudi kwenye meza aliyoiegemea, kwa bando lake mwenyewe.