Bei ya mabawa: hesabu za Space Shuttle

Januari 1972, Rais Richard Nixon wa Marekani alipoidhinisha Space Shuttle, chombo cha anga cha kutumika tena, shirika la anga la nchi hiyo, NASA, lilikadiria kwamba kila safari ingegharimu dola milioni 10.5, ambazo kwa thamani ya mwaka 2010 hazifiki milioni 60. Mradi ulifungwa Julai 2011 baada ya safari 135. Ukijumlisha na gharama za ujenzi, kila safari ilikuwa imemeza wastani wa dola bilioni 1.5, zaidi ya mara 25 ya ahadi.

Tuanze na uzito. Wakati wa kuruka, mtambo mzima ulikuwa na tani 2,030 hivi. Roketi mbili za pembeni, zenye tani 590 kila moja, ziliisha fueli kwa dakika 2. Tangi kubwa la nje lilijazwa tani 735 za oksijeni na hidrojeni kimiminika, zilizolisha injini tatu kwa dakika 8 na nusu. Chombo chenyewe, urefu mita 37 na upana wa mabawa mita 24, kilikuwa na tani 78 kikiwa kitupu. Mzigo haukuzidi tani 28. Kwa hiyo kila tani ya mzigo ilisindikizwa angani na karibu tani 3 za chombo, mabawa na magurudumu yakiwemo.

Mabawa hayana kazi pasipo na hewa. Ukubwa wake ulitokana na matakwa ya Jeshi la Anga la Marekani: chombo kiweze kuacha njia yake kwa kilomita kama 2,000 na kutua baada ya kuizunguka dunia mara moja tu. Safari ya namna hiyo haikufanyika kamwe.

Lakini mabawa yaliyobebwa lazima yakingwe. Wakati wa kurejea, kingo zake za mbele zilipata joto la nyuzi 1,600 hivi. Vigae vya kinga, zaidi ya 24,000, vilikaguliwa kila chombo kilipotua. Mpango ulikuwa kukiandaa upya kwa saa 160 za kazi. Baada ya ajali ya 1986 ya Challenger, mojawapo ya vyombo hivyo, hakuna chombo kilichorudi angani kabla ya miezi miwili.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Maelfu ya mafundi walilipwa chombo kiruke kisiruke. Wapangaji walitarajia safari 50 hivi kwa mwaka; mwaka wenye safari nyingi kuliko yote, 1985, zilikuwa 9, na wastani wa miaka 30 ni 4.5. Gharama ile ile ikagawanywa kwa safari chache.

Gharama isiyogawanyika ni wanaanga 14 waliofariki, saba wa Challenger na saba wa Columbia, iliyosambaratika mwaka 2003 baada ya kipande cha povu la kinga la tangi kutoboa bawa lake la kushoto.

Space Shuttle ilipeleka darubini ya Hubble na kujenga sehemu kubwa ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kazi hiyo inastahili heshima. Ila kutumika tena peke yake hakupunguzi bei. Anayetangaza leo chombo cha kutumika tena aulizwe kwanza: kati ya kutua na kuruka, kinahitaji mikono mingapi, kwa siku ngapi?